Kibuyu Kilichooshwa kwa Jiki

Hasira hasara, wanasema. Waseme. Siku ile hasira ndiyo mali pekee niliyobaki nayo, maana nyingine ilikuwa imeshamwagwa nyuma ya choo.

Nilirudi kutoka kuokota kuni, nikakuta kibuyu changu cha maziwa kimeanikwa juani, mdomo chini, kinang'aa kama sahani ya hoteli. Nikakisogelea. Kilinuka jiki, ile dawa ya kutoa madoa ya nguo. Clare, mke wa mwanangu Musoni, alikuwa ameketi kando yake, vidole vimekunjamana kwa maji, anatabasamu.

"Maama, nimeosha ile kitu vizuri," akasema. "Ilikuwa chafu sana. Ndani nyeusi, inanuka moshi. Nimetia sabuni, nimetia maji moto, nimetia na jiki."

"Na maziwa yenye yalikuwa ndani?"

"Yalikuwa yameharibika, Maama. Nimemwaga."

Wapo watakaosema kibuyu ni kibuyu tu. Kile nilikibeba mgongoni kutoka Masisi mwaka 1996, tulipokimbia vita, wakati wenzangu walibeba magodoro. Njia nzima nilikuwa nikiomba kwa wenye ng'ombe maziwa kidogo tu, kisikauke. Mama alinipa nilipoolewa, na mtindi uliokuwa ndani yake ulizaliwa na mtindi wa mama yake. Kila siku unabakiza kidogo chini, unaongeza maziwa mabichi, na ya jana yanayafundisha ya leo kuganda. Sabuni hairuhusiwi hata kukichungulia. Kinafukizwa kwa moshi wa nyasi, basi. Moshi unawafukuza vijidudu wabaya, na wazuri wanabaki wamejibana ukutani, wanafanya kazi yao bila kuonekana. Kibuyu ni kijiji, kina wenyeji wake. Clare aliingia kijijini kwangu, akaua wote, halafu akatabasamu.

Labda ningemsamehe. Hapana, nisingemsamehe. Lakini jambo lilikuwa kubwa kuliko kibuyu. Ndani ya nyumba alikuwa amelala mume wangu, Byamungu. Hospitali ya Mbarara ilikuwa imetuachia twende naye nyumbani, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tumbo lake limekataa kila kitu. Uji lilikataa, supu lilikataa, ndizi za kuponda zilirudi kama zilivyoingia. Kilichokaa ni mtindi wa kibuyu kile tu. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, na hicho ndicho kilichokuwa kinamshikilia duniani.

Na Clare alijua! Alikuja kutoka Mbarara kunisaidia kumuuguza. Ila hospitali walimwambia kila kinachogusa mdomo wa mgonjwa kiwe safi, naye ni binti wa askari, amekulia kambini, kule ambako hata mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Maziwa aliyoyajua yeye ni ya pakiti. Akaambiwa usafi, akatii. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hakuwa na nia mbaya. Mtu mwenye nia mbaya unajua pa kumpiga.

"Umeua muzee!" nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Unasikia? Ile haikukuwa buchafu! Ile ilikuwa chakula yake!"

Alilia. Nikamwacha alie.

Nikaomba maziwa mabichi kwa jirani, nikayamimina katika kile kibuyu kisafi. Nikangoja. Siku ya pili yakafanya povu la kijivu, yakanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nilijua kwa nini, na kujua hakukunipunguzia kitu. Tazama mlima wetu. Watu walikata migunga yote kwa ajili ya makaa, wakang'oa na nyasi wapande mahindi, na walipouacha zile nyasi nzuri hazikurudi. Kilichorudi ni kichaka cha miiba ambacho ng'ombe hakigusi, wala mbuzi. Udongo haukubali kukaa mtupu. Ukiwafukuza wenyeji, anaingia yeyote apitaye, wala hapigi hodi. Nikaukasirikia na mlima.

Musoni naye akaja na ndoo ya mtindi kutoka Bwizibwera, wa kiwandani, mtamu, ndoo imechorwa matunda ubavuni. Baba yake alimeza kijiko, akameza cha pili, akautapika wote kwenye shati. Mbavu zake zilikuwa zimeanza kuonekana chini ya blanketi.

Ndipo Byamungu akanishika mkono. "Mama Musoni," akasema, "wende kwa Zahara."

Jina hilo lilikuwa halitajwi nyumbani kwangu. Zahara ni Mrundi, alikuwa jirani yetu hapa Nakivale. Mtoto wake mchanga aliharisha mpaka macho yakazama, na Byamungu, bila kuniuliza mimi mwenye kibuyu, akateka mtindi wangu akampelekea, akamfundisha na namna ya kuulisha usife. Nilipogundua, nilimfuata Zahara bombani, mbele ya foleni nzima ya wanawake, nikamwita mwizi. Baadaye yeye na mumewe Faizal, muuza mitumba, walihamia Mbarara, mtaa wa Nyamityobora. Hatukuagana.

Nilikwenda. Ningefanyaje? Mtu anakufa.

Nilimkuta barazani kwake, anauza chapati na mtindi. Na mtindi wenyewe uko wapi? Katika ndoo ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia! Watoto wa shule, madereva, wapita njia, kila mtu anakunywa kazi ya mama yangu kwa kikombe cha bati. Sikumsalimia.

"Karibu, Mama Musoni," akasema.

"Baba Musoni anakufa. Kibuyu walikiosha na jiki."

Akaweka chapati pembeni, akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili. Nikaonja. Moshi haukuwemo, lakini nyuma ya ule ukali kulikuwa na kile kitu chetu, kile ambacho hakina jina, na nikawa nimesimama uani kwa mama, Masisi, kabla ya moto wa vita. Machozi yakanitoka mbele yake. Hilo nalo lilinikasirisha.

"Miaka yote hii," nikamwambia, "unauzisha kitu ya mama yangu fasi ya barabara."

"Ninauza, ndiyo. Watoto wangu wamekula hapo," akasema Zahara. "Lakini hii si yangu, Mama Musoni. Muzee hakunipatiya. Aliniambia, 'Zahara, ninaiweka kwako. Utakunywa, utauza, lakini mbegu ni ya Mama Musoni. Siku atakuja kuitafuta, usimuulize kitu.' Basi sikuulizi."

Kwetu wafugaji, hakuna mwenye akili anayeweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wawili watatu unampelekea rafiki wa mlima wa mbali. Yeye anakamua na kunywa, ng'ombe wanabaki wako, na siku ugonjwa unapofagia zizi lako, una pa kuanzia. Mimi binti wa wafugaji nilikuwa nimemwita mtunzaji wangu mwizi, mbele ya watu, naye akaendelea kutunza.

Akanijazia kidumu. Nikarudi nyumbani. Nikasugua kibuyu kwa majivu na maji mpaka harufu ya jiki ikaisha, nikakifukiza na kukifukiza tena, nikamimina. Byamungu akanywa nusu kikombe. Tulikaa tukilisikiliza tumbo lake, mimi na Clare. Tumbo likanyamaza. Akaomba nusu iliyobaki.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika hata na yeye, mifupa mitupu vile.

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akageukia ukutani akalala.

Clare alipokuwa anajiandaa kurudi Mbarara, nilimwita jikoni. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu siku ile. Nikamwekea mbele yake kidumu kilichojaa.

"Hii si zawadi," nikamwambia. "Ninaiweka kwako. Utakunywa wewe na batoto, na mama yako kule kambini umupatie. Lakini ni yangu."

Alipiga magoti kama walivyolelewa mabinti wa kwao, akakipokea, akabaki amekikumbatia.

"Na kama ikifa tena mikononi yangu, Maama?"

"Ikikufa, utaenda kwa Zahara, Nyamityobora, utaomba ingine," nikasema. Sauti ilitoka kali, sikuweza kuilainisha. "Na ukifika kwake, umusalimie kwanza. Mimi sikumusalimia."