Sahani ya Joan

Jamani, Joan alikuwa anakula! Ugali wa watu watatu, sukuma wiki, maziwa lala ya mursik kibuyu kizima, na saa moja haijapita anafunua sufuria tena. Na bado alikonda hadi sketi ikafungwa kwa kamba. Priscillah, mama mkwe wake, alishuku kwamba chakula kinapelekwa nyumbani kwa kina Joan, kule Kapsoit. Akaanza kufunga kabati kwa kufuli. Ndiyo, kwa kufuli, na boma lina ng'ombe wanne wa maziwa!

Mikono ilipotetemeka hata kuchuma majani chai ikawa shida, Weldon alimpeleka mkewe hospitali. Wakaambiwa ni tezi ya shingoni. Inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unamaliza chakula haraka, moyo unakimbia, ndiyo maana njaa haiishi. Akapewa tembe, akaambiwa asiache hata siku moja.

Priscillah aliona aibu kubwa. Alitupa kufuli chooni, akawa anampikia mkamwana wake mwenyewe.

Lakini dawa zilipofanya kazi, Joan akaanza kubakisha chakula. Nusu sahani, kisha zaidi. Priscillah alitazama ugali uliobaki, roho ikamuuma. Yeye alijua jambo moja tu kuhusu wagonjwa: anayekula anapona.

"Mwanangu, hizi dawa zinakufunga tumbo. Pumzika nazo kidogo upate nguvu."

"Lakini mama, daktari alisema..."

"Daktari ndiye anakupikia?"

Joan hakuwa mtu wa kubishana na mama wa bwana yake. Aliziweka dawa juu ya kabati, na Weldon hakuambiwa.

Baada ya wiki tatu njaa ikarudi, na Priscillah akafurahi kama mtoto. Aliwatangazia akina mama wa kanisa pale Boito kwamba Joan anakula! Alimpakulia, akamwongezea. Mikono inayotetemeka aliiona, lakini sahani ilikuwa tupu, naye alikuwa anaangalia sahani.

Jumanne Joan alianguka katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, mwili moto kama jiko. Walimfikisha hospitali, na kabla ya jioni moyo ukasimama.

"Alikuwa anakula vizuri," Priscillah alimlilia daktari. "Asubuhi amemaliza kila kitu. Mtu anayekula hivyo anakufaje?"

"Mama, hiyo njaa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Vipimo vinaonyesha aliacha dawa. Nani alimwambia aache?"

Weldon aligeuka kumwangalia mama yake. Priscillah alikuwa bado amekumbatia kibuyu alichomletea Joan, kimejaa mpaka mdomoni.

"Ni mimi," alisema.