Mara Tatu kwa Siku

Mjukuu wangu ni fundi wa makochi. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakimwona mwembamba vile, hudhani ni mke wa fundi amekuja kuleta chakula. Yeye ndiye fundi. Mimi namsaidia: nang'oa misumari ya zamani, nachambua vifungo, nashona kingo kwa ile sindano ndefu iliyopinda kama mwezi mchanga. Kazi yangu haitaki nguvu, inataka kukaa kitako na kusubiri, na hayo mawili nimejaliwa.

Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa mabati. Ukuta kwa ukuta na sisi yuko bwana mmoja mwenye upara, anatengeneza simu na kuuza vifurushi. Tunamwita Bando. Huyo ndiye aliyemfungulia mjukuu wangu ukurasa wa mtandaoni wa kuonyesha kazi zake. Mwanzoni kiti kikiisha alikisogeza mlangoni penye mwanga, akapiga picha, akaiweka. Watu wakipenda, kamoyo kekundu kanaruka. Na niseme ukweli, hiyo mioyo ilinilevya mimi kuliko yeye. Asubuhi akiniamkia, hata sijaitikia shikamoo nishamuuliza, "Imefika mingapi?"

Siku moja Bando akaja na kiti chake cha plastiki, akaketi mlangoni kwetu.

"Fundi, picha unaweka mara ngapi?"

"Kazi ikiisha."

"Na inaisha lini?"

"Kochi moja siku tatu, nne. Likiwa na springi, wiki."

Bando akajishika upara kama aliyefiwa. "Mnajizika wenyewe! Mara tatu kwa siku, fundi. Asubuhi, mchana, jioni. Ukinyamaza siku mbili, simu inawapeleka watu kwa wengine."

"Kama dawa ya kikohozi," nikasema.

"Cheka tu, Bibi."

"Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Wahenga hawakuwa na vifurushi, Bibi. Siku hizi chema kisipojitembeza kinaozea stoo."

Tukacheka wote watatu, naye akachukua chaki yetu ya kukatia kitambaa akaandika ukutani: asubuhi, mchana, jioni. Nami nilimuunga mkono. Nilitaka mioyo.

Wiki ya kwanza ilikwenda, kwa sababu picha za zamani zilikuwepo. Wiki ya pili tukaanza kupiga kiti kilekile mbele, nyuma, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mkasi ukapigwa picha. Nikapigwa vidole. Simu inataka kula mara tatu kwa siku, na jiko letu linapika mara mbili kwa wiki! Siku nyingine mjukuu wangu aliacha gundi ikamkaukia kwenye brashi, anahangaika kutafuta picha ya mchana.

Ndipo kikaja kiti cha Mkunga.

Mkunga amestaafu, lakini nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Kila mama hapa amewahi kufokewa naye: chemsha maji, anika godoro, nawa mikono. Zahanati ilikuwa inataka benchi zake za wagonjwa zivishwe upya, benchi kumi na mbili, na Mkunga yumo kwenye kamati. Tangu tufungue hatujawahi kupata kazi kubwa kiasi hicho. Mkunga akamwambia mjukuu wangu, "Nitengenezee kwanza kiti cha marehemu mume wangu. Nione mkono wako, ndipo nikakusemee."

Tukakifungua. Sponji imekuwa unga, springi mbili zimelala, na katikati panya amejenga: vipande vya gazeti, uzi, maganda ya karanga, kitana. Si ajabu. Katika kazi hii tumeona mengi ndani ya viti vya watu safi.

Jua likaanza kuinama. Nikatazama ukutani. "Hujaweka ya jioni."

"Sina kitu, Bibi."

"Si hicho hapo? Watu wanapenda kuona kabla na baada. Leo weka kabla."

Akasita kidogo, akapiga, akaweka. Maneno yalikuwa yangu. Sijawahi kuyakana.

Asubuhi mioyo ilikuwa mingi kuliko siku yoyote. Mjukuu wangu akanisomea waliyoandika watu, sauti yake inazidi kushuka. "Hicho si kiti cha Mkunga?" "Ndiye aliyenifokea nichemshe nepi!" "Kumbe analea panya." Mwingine akaongeza, "Na hao nao amewazalisha mwenyewe."

Picha akaifuta hapohapo. Lakini maji yalishamwagika. Kabla chai haijapoa, Mkunga alikuwa mlangoni, na nyuma yake mtu wa mkokoteni.

"Shikamoo, Mkunga."

"Kiti changu."

"Mkunga, naomba..."

"Nimesema kiti changu. Hivyohivyo, na tumbo lake nje. Si mtaa mzima umeshaliona?" Akaingia, akasimama katikati ya mabaki ya sponji. "Mimi nimeingia vyumba vya watu miaka thelathini. Nimeona magodoro, nimeona mashuka, nimeona mambo. Umewahi kusikia nimemwambia mtu niliona nini kwa nani?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe nilikupokea kwa mikono hii. Umewahi kusikia habari za siku ile?"

"Sijawahi."

Bando akachungulia. "Mama, lakini tangazo lile limetazamwa na watu elfu..."

"Na wewe nilikupokea. Nianze kusimulia na wewe?"

Upara ukarudi ulikotoka.

Nikafungua mdomo niseme kosa ni langu. Mjukuu wangu akaniwekea mkono begani, taratibu, nikanyamaza.

"Niliyepiga ni mimi, na niliyeweka ni mimi," akasema. "Nilikuwa na siku tupu, nikaijaza na aibu yako. Nisamehe. Kiti ni chako, ukitaka nakipakia sasa hivi. Ila kikitoka hivi kitapita njia nzima watu wakikitazama. Niachie nikifunge. Siku nne. Kazi ya zahanati mpeni mwingine, hiyo siiombi."

Hakumtaja Bando wala mimi. Nilimtazama nikaona siku hizi si mtoto tena.

Mkunga akageuka kumtazama mtu wa mkokoteni, ambaye kweli alikuwa ameshanyoosha shingo aone vizuri. "Siku nne," akasema. "Na hiyo simu?"

"Itanyamaza."

Ikanyamaza. Bando alikuja kila mchana kama mtu anayekuja kumjulia hali mgonjwa. "Wamepungua, fundi. Leo wameondoka kumi na saba."

"Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Mjukuu wangu alizifunga springi upya kwa kamba, kila moja kwa mwenzake, mpaka ukizikandamiza kwa kiganja zinainuka pamoja. Kisha akakwama. Upande wa kushoto wa kile kiti ulikuwa umebonyea kuliko wa kulia. Fundi mwingine angesawazisha, mteja angeshukuru. Yeye akafunga mlango, akaenda kwa Mkunga, nami nikamfuata.

Hatukukaribishwa ndani. Mkunga alisimama mlangoni.

"Marehemu alikuwa akiegemea kushoto?"

"Redio ilikuwa kushoto."

"Nisawazishe, au niache?"

Mkunga akageuza shingo kutazama ndani. Nami nikangoja. Mwisho akasema, "Acha."

Basi akakata sponji mpya tabaka tatu, na upande wa kushoto akaushusha upana wa kidole, akiunyoa kwa kisu kidogo kidogo, anakaa, anainuka, ananyoa tena. Nimeolewa na fundi makochi, nimezaa fundi makochi. Sijawahi kuona mmoja wao akiweza kupindisha kiti kwa makusudi na kikabaki imara. Rangi ya kitambaa sitaitaja. Ndilo sharti Mkunga alilonipa nilipomwomba ruhusa ya kuyasimulia haya.

Siku ya nne Mkunga alikuja, akakizunguka kiti, akapitisha vidole kwenye mshono. Kisha akaketi. Mwili ukaegemea kushoto wenyewe, na mkono ukashuka pembeni, pale ambapo nyumbani redio ilikuwa ikikaa. Mtu wa mkokoteni naye akatazama miguu yake.

"Utakipiga picha?" Mkunga akauliza.

"Sipigi."

"Kizuri hivi?"

"Kiti ni chako. Hukunipa ruhusa."

Mkunga akainuka, akajipangusa gauni ingawa halikuwa na vumbi. "Benchi ni kumi na mbili. Njoo kesho upime, asubuhi, wagonjwa hawajajaa. Mtanikuta." Akamgeukia mtu wa mkokoteni. "Na wewe kifunike vizuri. Unatazama nini?"

Walipoondoka tu, Bando akaingia. "Sasa ratiba je, fundi? Tuseme basi mara moja kwa siku."

Mjukuu wangu akalowesha kitambaa, akafuta ukuta wote. Akachukua chaki akaandika kwa herufi kubwa, ili nami niweze kusoma: KAZI IKITOKA, MWENYEWE AKIKUBALI.

"Hiyo ni mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki. Wiki nyingine mara moja. Nyingine hakuna."

"Hakuna!"

"Hakuna."

Bando akanitazama mimi, mpenda mioyo, akitegemea nitamtetea. "Umesikia alivyosema fundi," nikamwambia.

Sasa wanawake wananisimamisha njiani. "Bibi, mbona mjukuu wako siku hizi haonekani kwenye simu? Kazi imeisha?" Mimi sibishani nao. Nawaambia waende zahanati, hata kama hawaumwi, wakakae kwenye zile benchi.