Nilivyoufagia Msitu

Umewahi kuufagia msitu? Mimi nimeufagia, tena kwa ufagio mpya.

Nyuma ya nyumba yetu, njia ya kwenda Segese, imebaki miti michache ya mitundu ambayo marehemu mume wangu hakuikata. Mvua za kwanza zikinyesha, chini yake huota uyoga mdogo wa njano, kofia yake kama kifungo cha koti. Sasa mwanangu Masele akaelewana kuiuza miti hiyo kwa Pantaleo, mnunuzi wa matimba, yale magogo wanayozuilia mashimo ya dhahabu yasibomoke. Jumamosi Pantaleo angekuja na msumeno.

Mtu mwingine angesema, "Usikate." Mimi nikapanga mipango. Nitampikia Masele uyoga wa karanga, na akishaanza kula nimweleze tuliyofundishwa kwenye mkutano wa kijiji na dada mmoja wa idara ya maliasili: kwamba uyoga tunaouchuma ni kama tunda tu, wenyewe uko ardhini, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko za kushonea, zimeikumbatia mizizi. Nyuzi zinauletea mti maji na chumvi za udongo kutoka kule mizizi isikofika. Mti nao unazilisha utamu uliopikwa na majani.

Ila kwanza pawe pasafi. Kwetu uwanja wenye majani ni aibu ya mwenye nyumba. Nikafagia chini ya mitundu yote, nikakwangua hadi udongo ukang'aa, majani nikayachoma. Mvua ikanyesha. Nikaenda na ungo wangu, nikainama, nikazunguka kila shina. Hakuna hata kifungo kimoja. Kumbe yale majani ndiyo blanketi la uyoga. Nadhani yule dada alilisema hilo wakati mimi nimesinzia.

Ijumaa nikaenda kwa jirani yangu Philomena, ambaye kwake hapafagiwi hata mlangoni, akanijazia beseni. Nikapika.

Masele akala huku namsimulia ya nyuzi na mizizi, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho. "Mayu," akasema, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "uyoga huu umetoka wapi?"

"Hapo nyuma," nikasema bila kupepesa. "Ndiyo maana nakwambia, baba, zile nyuzi na mizizi..."

"Hodi humu." Philomena akaingia. "Nimefuata beseni langu, Mama Masele. Uyoga ulitosha?"

Masele akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria.

"Maana huko nyuma kwako nimepita sasa hivi," Philomena akaendelea, anavuta kigoda, "nikadhani mmetengeneza uwanja wa kuanikia mpunga."

"Mayu, umeomba uyoga kwa jirani ili unidanganye mimi?"

"Sikukudanganya. Ni wa hapo nyuma. Nyuma ya kwake."

Philomena akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Masele alijizuia, akashindwa.

"Tangu nianze kula ni nyuzi, mara chumvi, mara utamu wa majani," akasema. "Nimekula nimeshiba, na bado sijui unachotaka." Akatoa simu mfukoni. "Namba ya Pantaleo hii hapa. Nimwambie nini?"

"Yule dada wa maliasili alisema kwamba..."

"Wewe," Philomena akanigusa goti, "umeulizwa wewe."

Nikanawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Nikaifuta kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie asije, baba. Sitaki mitundu yangu ikatwe."