Kamioneti Yenye Mwenyewe

Siku ya soko Gasaro alishuka kwenye basi la Bugarama katika stendi ya Kamembe, akanywa chai amesimama, akakaza kitenge chake kiunoni, kisha akaenda nyuma ya soko kwenye kiwanja cha Twahiru kutafuta gari la zamani la dizeli, au la mazutu kama wanavyosema huko. La petroli hakulitaka. Watu wa bondeni walisema gari la petroli linakunywa kama mjomba wa bibi harusi.

Gasaro alikuwa mjane wa Muganza aliyeuza mpunga. Alizaliwa Uvira, upande wa Kongo, akakulia Uvira, na mwaka wa tisini na tano akarudi Rwanda pamoja na wengine waliorudi katika nchi ambayo hawajawahi kuiona. Mpunga wake ulipanda Kamembe juu ya malori ya saruji, pale dereva alipojisikia. Msimu uliopita madereva hawakujisikia. Magunia yalinyeshewa kando ya barabara mpaka mpunga ukaota humo humo ndani, ncha za kijani zikachungulia kwenye matundu, na wapita njia wakamsifu kwa bustani nzuri. Msimu mwingine kama huo, Gasaro alijua, ungemrudisha kulima vibarua.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo, na Kamembe haikuwa na uhaba wa magari. Yalivuka daraja la Rusizi kutoka Kongo kila wiki, mengine na matope ya Walungu kwenye magurudumu, mengine na rozari ikining'inia bado kwenye kioo. Twahiru, fundi wa magari na mtu wa swala tano, aliyapanga kwa pande. Upande wa ukuta yalikaa yasiyo na mwenyewe. Upande wa mtaro yalikaa yenye mwenyewe.

"Ya ukuta ni ya wakubwa," alimwambia Gasaro. "Sisi twende upande wa mtaro, Maman."

Upande wa mtaro wenyewe walikuwa wamekaa ndani ya magari yao. Katika teksi ya bluu kulikuwa na mama ameshika mkoba mapajani. Katika lori dogo mzee mmoja alikuwa amelala mdomo wazi. Wote walikuwa wamekufa, na magari yaliuzwa pamoja nao kwa sababu hawakutoka. Twahiru aliwahi kujaribu kuwatoa kwa kamba na vijana wenye nguvu, akaona anawavunjia heshima, akaacha. Bei ilishuka kidogo, kama inavyoshuka kwa kioo chenye ufa.

Gari la kwanza lilivuja oili. La pili lilikuwa na injini safi, ila mwenyewe aliimba nyimbo za kanisa bila kupumzika, na Gasaro alijua barabara ya Bugarama ni ndefu. La tatu lilikuwa kamioneti, yaani pikapu, nyeupe. Kwenye kiti cha abiria alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kahawia, nadhifu, isipokuwa kifuani.

"Yambo, Papa," Gasaro alisema.

"Yambo, Maman. Unatafuta ya kubeba nini?"

"Mpunga."

"Njo kazi yake," alijibu, maana watu wa Kongo hutamka ndiyo hivyo. "Miye nilibebaka mihogo, na siku zingine bagonjwa. Fungua kapo uangalie mashine, sitakudanganya. Mlango ya nyuma inafungwa na kamba, lakini injini iko nzima."

Gasaro aliendesha mpaka barabara ya uwanja wa ndege na kurudi. Yule mwanamume hakumsumbua. Kwenye kona alishika tu mbele yake kwa mkono mmoja, kama anavyoshika mtu yeyote asiyeendesha.

"Imetoka wapi?" Gasaro alimuuliza Twahiru.

"Kwa afande mmoja. Yule wa nyumba mpya, yenye mabati ya bluu."

Gasaro hakuuliza zaidi. Aliikumbuka cherehani ya mama yake iliyobaki Uvira siku walipokimbia, akawaza ni nani anayeitumia sasa. Kisha akaukumbuka mpunga ulioota. Akainunua kamioneti.

Karani wa kuandikisha magari alichungulia dirishani, akauliza kama huyu wa mbele ana kibali cha kuvuka mpaka. Twahiru alimweleza kwamba huyo alikuja na gari. Karani aliwaza kidogo, akaamua kwamba, kama ni hivyo, yeye ni kifaa cha gari, sawa na jeki na gurudumu la akiba.

"Usimtoe," alimwonya Gasaro. "Ukimtoa, gari itahesabika haijakamilika."

Jina la yule mwanamume lilikuwa Muhigirwa. Msimu ule mpunga haukuota. Gasaro alishuka bondeni na kupanda Kamembe bila kumsubiri dereva wa mtu, na njiani akazoea kuzima redio, kwa maana Muhigirwa alipenda kuongea: juu ya mihogo ya Nyangezi, juu ya mke wake ambaye hakuamini madaraja, juu ya batoto. Alijua kila sauti ya ile injini. Mlio mpya ukitokea, alinyamaza katikati ya neno na kuusikiliza, kisha akasema ni nini. Gasaro alikuwa hajapata kuongea na mtu mzima muda mrefu hivyo tangu mume wake afariki, na mume wake, tofauti na Muhigirwa, hakuwa amerudi kuongea.

Siku moja alipaki mbele ya mashine ya kukoboa, karibu na soko la Kamembe. Wanawake wa Bukavu walikuwa wakipita na vikapu kichwani, kama kila siku, kwenda kununua chakula. Mmoja alisimama kwenye dirisha la abiria. Akashusha kikapu chini.

"Papa Bahati," alisema. "Kumbe uko huku."

"Niko huku, Nabintu."

"Nilikutafuta Nyangezi. Nilikutafuta ku hospitali. Nilikutafuta mpaka kwa bale banabii ba Kadutu, banikulia makuta yote ya mufuko bure. Na wewe unatembea na mwanamuke."

"Ni wa mpunga tu. Nabintu, nilikufa."

"Minaona," mke wake alisema akitazama kifua chake. "Hii koti nilikukataza kuvaa kwa safari. Damu haitokake mu kitambaa ya hivi."

Gasaro alishuka, akasimama pembeni. Muhigirwa alimweleza mke wake ilivyokuwa. Kwenye kizuizi cha barabara ya Nyangezi watu wenye bunduki walimwomba ufunguo, akawapa. Wakamwambia ashuke. Aliwaambia wamngoje kidogo avute breki ya mkono, kwa sababu pale pana mteremko na gari lingeanguka mtoni. Wao waliona anabishana.

"Na ulivuta?" Nabintu aliuliza.

"Nilivuta. Mpaka leo inashika muzuri."

"Wewe na gari yako," Nabintu alisema, na hapo ndipo akalia.

Alipomaliza kulia alifungua mlango, akamshika mume wake chini ya makwapa, akavuta. Muhigirwa alitoka mpaka mabegani, na kamioneti nzima ikainama pamoja naye, magurudumu ya upande wa pili yakanyanyuka juu ya ardhi. Nabintu akamwachia. Gari likarudi chini taratibu.

Walikwenda pamoja kwa karani. Karani alimsikiliza Nabintu kwa heshima, akamwambia kudai mume kunawezekana, ila anayedai kifaa anadai gari, na gari lina mwenyewe mwenye hati halali. Kama hakubaliani, awashitaki waliolichukua. Nabintu aliuliza ashitaki wapi. Karani alisema hilo lilitokea ng'ambo, na ng'ambo haiko katika ofisi yake.

Walipotoka nje Gasaro hakuweza kumtazama Nabintu. Alijua neno la kusema. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa limekaa ulimini tangu kwenye mashine. Lakini mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na magunia yalikuwa yamejaa ghalani mwake.

"Tunaweza kumfanyia matanga," alisema badala yake. "Nitatoa mchele."

Nabintu alimwangalia.

"Na gari?"

"Gari nilinunua, Maman Bahati."

"Minajua ulinunua," Nabintu alisema. "Ni ile tu sijue nani aliuza."

Matanga yalifanyika Jumamosi katika kiwanja cha Twahiru. Twahiru aliwasogeza wateja wake, akatandika mikeka, akakopa sufuria za msikitini. Ndugu walivuka daraja kutoka Bukavu, na walipoulizwa mpakani wanakwenda wapi walisema msibani, na walipoulizwa marehemu yuko wapi walisema anawangojea. Kamioneti iliwekwa katikati. Muhigirwa aliteremsha kioo, akapokea pole za watu mmoja mmoja, akawauliza habari za mashamba. Katekista alisoma sala ya kumwombea marehemu pumziko, na marehemu akaitikia amina. Upande wa mtaro wengine walinyoosha shingo kutazama. Yule mama wa teksi ya bluu alimwita Nabintu, akamwomba akifika Kadutu awaambie wanawe kwamba funguo za nyumba ziko ndani ya mkoba. Nabintu alikubali.

Chakula kilipokuwa kinapakuliwa, afande wa mabati ya bluu aliingia.

Alikuja bila bunduki, amevaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi. Watu wakampisha. Alitia bahasha katika kikapu cha michango, akasogea kwenye dirisha la kamioneti, akatoa mkono. Muhigirwa aliutazama ule mkono. Kisha akaushika, kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa, na kwa sababu mke wake na watoto wake bado walipita daraja lile.

"Pole sana, Mzee," afande alisema.

"Aksanti, Afande."

Afande akaizunguka kamioneti, akalipiga gurudumu teke jepesi kwa ncha ya kiatu, akamwambia Gasaro kwamba aliokota kitu kizuri, na kwamba kama angejua injini iko hivi asingeiachia kwa bei ile. Akala wali na nyama. Akasifu mchele. Alipoondoka, mtu akaomba chumvi.

Tangu siku ile, kila alipofika Kamembe, Nabintu alipanda kamioneti. Mbele palikuwa na viti vya watu wawili tu, kwa hiyo alikaa nyuma juu ya magunia na kuongea na mume wake kupitia kidirisha kidogo. Gasaro hakumtoza nauli. Aliona kwamba huo ni wema, na siku zingine aliamini.

Mwezi wa nne, wakipanda kutoka bondeni na mzigo mzima, polisi waliwasimamisha. Polisi mmoja kijana alichungulia ndani.

"Huyu wa mbele ni nani?"

"Ni kifaa cha gari," Gasaro alisema, akaonyesha hati.

Polisi akasoma, akaridhika. "Na yule wa juu ya magunia?"

"Ni mke wake."

"Mke si kifaa," polisi alisema. "Ni hatari mtu kukaa juu ya mzigo. Ashuke."

Nabintu alishuka. Hakubishana. Alivua sandali, akazishika mkononi, akaanza kutembea kando ya dirisha la mume wake, mkono mmoja juu ya mlango. Gasaro aliendesha kwa mwendo wa miguu yake. Wale wawili waliongea habari za paa linalovuja, na za Bahati ambaye ameanza kuota ndevu na hataki kuonyeshwa kunyoa.

Barabara ikaanza kuinuka. Injini ikakohoa, ikakohoa tena. Muhigirwa alinyamaza katikati ya neno, akasikiliza.

"Maman Gasaro," alisema, "hapa usiende polepole. Itazima, na kwa uzito hii haitawaka tena."

Gasaro alimtazama Nabintu kupitia dirisha. Nabintu alikuwa amesikia. Aliyajua mambo ya gari lile kabla ya Gasaro kulijua.

"Njo vile," Nabintu alisema, akaondoa mkono mlangoni. "Kanyaga."

Gasaro akakanyaga mafuta, na kamioneti ikapanda.