Nta Ndani ya Difu

Lori la kijiji cha Kakese ulilisikia kabla hujaliona, na si kwa honi. Lilikuwa linalia huku nyuma, chini ya bodi, kwenye lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ambalo mafundi wanaliita difu. Ndani ya difu kuna gia zinazopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu, na gia hizo zinataka oili nzito muda wote. Sasa oili hiyo uipate wapi? Miaka ile ya sabini, mafuta yalipokuwa yameadimika kila mahali, ungezunguka maduka yote ya Mpanda ukarudi na kopo lako tupu na pole nyingi. Basi difu likakauka, meno ya gia yakaanza kulana, na lori likawa linalia toka linaondoka mpaka linasimama.

Fundi wa kijiji alikuwa Ponsian, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba Ponsian alikuwa mjinga. Injini iliyokufa aliweza kuifufua kwa waya na sabuni. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: neno "nimeshindwa" halikuwa kinywani mwake, hata ungemkaba koo.

Ikafika habari kwamba Apolinari, mtoto wa Kakese, anapewa upadre kule Karema, kwenye misheni ya kando ya ziwa. Kijiji kizima kikataka kwenda. Mwenyekiti Bartolomeo akamwita Ponsian mbele ya watu akamwambia kuwa lori linalolia namna ile halibebi watu wake. Ama alinyamazishe, ama safari imekufa, na wote wajue imekufa mkononi mwa nani. Ponsian akajibu kwamba litanyamaza.

Alirudi nyumbani akaingia jikoni kwa mkewe Marsela na kuchukua mabonge yote ya nta. Baba yake Marsela alikuwa mrina asali, na nta hiyo mama wa watu alikuwa ameiweka kwa ajili ya mishumaa ya kanisani. Akamuuliza mumewe anaipeleka wapi. Ponsian akaiyeyusha kwenye sufuria, akaichanganya na mafuta ya mawese, akamweleza kwamba inaingia kwenye difu. Ikiganda kwenye meno, kelele kwisha. Marsela akauliza, na ikipata moto? Aliambiwa aangalie ugali wake usiungue.

Na kweli lori lilinyamaza. Bartolomeo akalizunguka, akacheka, akampiga Ponsian bega. Dereva, Telesfori, mtu mpole asiyependa maneno, alisema tu kwamba hajawahi kuona gari likapona upesi hivyo.

Wakaondoka asubuhi, lori limejaa pomoni. Kwaya na ngoma zao, akina mama na watoto, magunia ya mpunga ya kumpongezea padre mpya. Marsela alikaa karibu na kichwa cha gari, mgongoni ana mtoto mchanga, Thadei, na mapajani kamlaza binti yake Lusia. Ponsian alisimama nyuma kabisa, kwenye mlango wa bodi, na gogo la kukingia tairi miguuni pake. Alikuwa amevaa shati jeupe. Watu walimwita fundi wetu, fundi wetu, naye akatabasamu njia nzima.

Walikuwa wamekwishakiacha kijiji mbali, wako katikati ya miombo, Bibi Helena wa kwaya aliponusa hewani na kusema kwamba leo warina asali wamo porini. Wenzake wakanusa. Kweli, harufu ya asali, tena tamu, asali iliyochomwa. Kwaya ikashangilia kuwa hiyo ni baraka. Marsela peke yake hakushangilia. Porini kote hakukuwa na moshi, hakukuwa na mzinga. Harufu ile ilitoka chini yao na ilikwenda nao.

Akageuka kumtazama mumewe, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu wote wale. Ponsian hakuwa anatabasamu tena. Akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama kusema nyamaza.

Marsela akanyamaza. Jamani, mnamlaumu? Alijua watakachomfanyia mumewe. Mwenyekiti angemvua nguo mbele ya kijiji, angeitwa mhujumu wa mali ya umma, na siku zile neno hilo halikuwa mzaha. Mtu alilala ndani kwa makosa madogo kuliko hayo. Na yeye Marsela angekuwa mwanamke aliyemuuza mumewe kwa mdomo wake. Akaanza kusali Salamu Maria, akafika katikati akasahau maneno, akaanza tena.

Huko chini nta ilikuwa imeyeyuka ikawa maji, na maji hayalindi gia. Sauti ikarudi, nyembamba kwanza. Marsela aliisikia kwenye mifupa ya makalio kabla ya masikio. Wengine hawakuisikia kwa sababu kwaya ilikuwa inapiga ngoma. Aliwaomba wapumzike kidogo, mtoto anataka kulala. Wakamwambia mtoto atalala Karema, wakaongeza ngoma.

Kilichotisha hakikuwa gari kukwama porini. Mbele yao kulikuwa na mteremko wa kushukia ziwani, ule mrefu wenye kona juu ya korongo. Breki za mguu za lori lile ulizipampu mpaka goti likauma, kwa hiyo Telesfori alizoea kushuka kwa gia namba moja, injini ndiyo inalishika gari. Lakini injini inalishika kupitia difu. Meno ya difu yakikatika, injini haishiki kitu. Hata breki ya mkono ya gari lile ilishika shafti, kile chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda kwenye difu, wala si magurudumu, kwa hiyo nayo ni bure. Marsela aliyajua yote hayo, kwa kuwa ni Ponsian mwenyewe aliyemsimulia jioni nyingi wakiwa wanakula, kwa kujisifu.

Miti ikaanza kupungua. Upepo wa ziwa ukawafikia, na watoto wakapiga kelele kwamba wanaona maji. Lusia akasimama mapajani mwa mama yake aone naye. Marsela alimshika kiuno, akausikia mwili ule mdogo unavyotetemeka pamoja na gari, na hapo uoga wake wa watu ukazidiwa na uoga mwingine. Akaanza kupiga bati la kichwa cha gari kwa ngumi zote mbili.

Telesfori akasimamisha palepale barabara inapoanza kuinama. Akatoa kichwa dirishani na kuuliza nani ameanguka. Marsela akashuka na watoto wake, akaenda mpaka mlangoni kwa dereva. Alitaka kuongea kwa sauti ya chini, lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza na kila mtu alisikia.

"Shemeji, usishuke huu mlima. Humo kwenye difu hakuna oili. Kuna nta yangu mimi."

Ponsian aliruka chini, akaja mbio. Akasema mkewe ana woga wa mlima tangu zamani, msimsikilize. Bibi Helena akasema ni aibu mke kumsingizia mume safarini, tena safari ya padre. Bartolomeo akachungulia kutoka kiti cha mbele, akataka kujua kama wanataka kuikosa misa kwa ajili ya ndoto za mwanamke. Marsela akanyoosha kidole kuelekea chini ya bodi.

Telesfori hakubishana na mtu. Akachukua spana, akalala chini ya gari, akaligusa difu na kuuondoa mkono upesi. Alipofungua nati ya kujazia oili, moshi mtamu ulitoka. Akaingiza kidole alichokifunga kitambaa, akatoka nacho nje, akakiinua juani watu wakione. Kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi huo vipande vya chuma vilikuwa vinameremeta.

Watu walishuka wenyewe. Hakuna aliyeambiwa.

Wakafanya la kufanya. Walimwaga uchafu wote, wakasuuza ndani kwa mafuta ya taa waliyokuwa wanayapeleka zawadi kanisani, wakatia oili ya injini iliyokuwa kwenye debe la akiba, nyepesi lakini ni oili. Telesfori akapapasa meno ya gia kwa ncha ya kidole, akasema mengine yamemegeka. Tangu mwanzo lilitaka oili na kupimwa kila wiki, basi. Kulipakia watu tena hakukuwa salama, na kuliacha porini ni kuwaachia wezi mali ya kijiji, lakini gari lingeshuka tupu, polepole, abiria wakifuata kwa miguu. Akapanda akae usukanini.

Ponsian akamshika mkono. "Shuka. Nitalishusha mimi."

Telesfori akashuka. Marsela alimkimbilia mumewe, akamshika lile shati jeupe, akamwambia liache libaki, tulale hapahapa na simba, mimi sijali. Ponsian akamtoa vidole kimoja kimoja, bila hasira. Hakumtazama usoni.

Lori likaanza kushuka, likilia. Watu walilifuata kwa nyuma, na Marsela, aliyeichukia sauti ile asubuhi yote, sasa aliiomba isikatike. Lilie tu, Mungu wangu, lilie mpaka chini. Likapita kona ya kwanza, hawalioni tena, wanalisikia tu. Kisha kukawa na mlio mmoja, kitu kimepasuka, halafu kimya. Baadaye kabisa, kutoka korongoni, ndipo ulipokuja mshindo.

Walimkuta Ponsian kando ya barabara alikorukia, mguu umegeukia upande usio wake, shati limejaa vumbi na damu. Yu hai. Chini korongoni lori lilikuwa chali, bodi imebanwa ikawa bapa, na mabenchi waliyokuwa wamekalia hayakuonekana kabisa. Watu walisimama ukingoni wakiangalia, kila mmoja akipatafuta pale alipokuwa amekaa. Bibi Helena alikaa chini, akajifunika kanga usoni.

Ponsian naye alikuwa anaangalia kule chini.

"Mama Lusia," akasema, "watoto wako wapi?"

"Hawa hapa, Baba Lusia. Wote wawili."

Akamsukuma Lusia mbele yake, akamfungua Thadei mgongoni akamweka kifuani pa baba yake. Ponsian akamshika yule mtoto, akambana, lakini macho yake hayakutoka korongoni. Akauliza tena watoto wako wapi. Wakambeba kwa machela ya miti kuteremka mpaka Karema, kengele za misheni zinasikika, Lusia akitembea pembeni ameshika kidole cha baba yake, na njia yote ile alikuwa anamuuliza mkewe watoto wako wapi, na Marsela anamjibu.