Mkuu Mpya wa Masjala

Saa moja na dakika arobaini asubuhi Bi Kaimu alifungua madirisha ya masjala, akapangusa meza mbili, yake na ya Mkuu, kisha akalipiga brashi koti la Mkuu pale lilipokuwa, mgongoni mwa kiti. Ndivyo alivyoianza kila siku ya kazi kwa miaka tisa.

Lilikuwa koti la kijivu, la vifungo vitatu. Mwenyewe aliitwa Shemeji na ofisi nzima, kwa kuwa alikuwa shemeji yake Waziri, na hakuna aliyehitaji kujua zaidi. Siku aliyoteuliwa kuwa Mkuu wa Masjala alilivua, akalitundika, akasema anatoka mara moja. Waliomuulizia waliambiwa yupo, koti lake si hilo hapo? Jibu likawatosha. Mwaka wa tatu koti lilianza kutia sahihi daftari la mahudhurio. Mwaka wa tano likawa linapanda ghorofani kwenye vikao vya Jumatatu, ambako lilisifiwa kwa kutomkatiza mtu kauli.

Majalada elfu kumi na nne yalipangwa, yakatafutwa na kupatikana na Bi Kaimu. Alikuwa akikaimu nafasi ya Mkuu tangu Shemeji alipotoka mara moja, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Mwezi wa Novemba angetimiza miaka hamsini na mitano. Afikaye umri huo bila kuthibitishwa hustaafu na cheo alichoajiriwa nacho, na yeye aliajiriwa karani daraja la tatu.

Mageuzi yalikuja Februari, katika maboksi sita ya vitabu vyenye jalada la bluu. Mwongozo ulisema kwamba undugu umekwisha. Wakuu wote wa vitengo wangeachia nafasi zao, zishindaniwe kwa mtihani wa namba, bila majina.

"Dada, hapo umeshapita," alisema mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye. "Nani mwingine anayejua jalada liko wapi humo ndani?"

"Sijafanya mtihani bado."

"Wewe nawe! Furahi hata kidogo."

"Nitafurahi matokeo yakitoka," alisema Bi Kaimu, akarudi kwenye ukurasa wa arobaini na mbili.

Watahiniwa walikuwa sita. Koti lilifika ukumbini dakika tano kabla ya muda, likakaa safu ya mbele, likanyoosha mkono wa kulia na kupokea karatasi. Msimamizi alikagua kitambulisho kilichobanwa kifuani pake. Picha haikufanana nalo, lakini picha za vitambulisho hazifanani na mtu yeyote. Swali la nne lilipomshinda karani wa posta aliyeketi jirani, aliligeukia koti, nalo likaziba karatasi yake kwa kiwiko.

Matokeo yalibandikwa mlangoni Ijumaa. Bi Kaimu alipata tisini na moja. Koti lilipata hamsini na tatu. Wengine hawakufika hamsini. Chini yake palikuwa na tangazo la uteuzi: Mkuu wa Masjala ni koti.

Bi Kaimu alimkuta Afisa wa Tume iliyosimamia mtihani akifunga mkoba.

"Bwana afisa, mimi nina tisini na moja."

"Hongera sana, mama. Umefaulu. Wote wawili mmefaulu. Ila mtihani ni mlango tu. Waliofaulu tunawapanga kwa mahudhurio. Ukurasa wa sitini na saba."

"Mimi sijawahi kuchelewa."

"Hujachelewa. Umekosekana." Alifungua daftari. "Mwaka wa sita, siku kumi na moja."

"Nilikuwa namzika mama yangu."

"Pole sana. Mwenzako hana hata siku moja. Hana likizo, hana ugonjwa, hana msiba."

"Mwenzangu ni koti."

"Nimeliona, mama. Mwongozo hautuulizi mtu ni nani, na huo ndio uzuri wake. Zamani tulikuwa tunaangalia sura."

"Na kazi naifanya mimi."

"Hilo nalo limeandikwa." Afisa aligeuza karatasi amwonyeshe. "Koti limepata alama zote kwenye kukasimu madaraka."

Shemeji alipopigiwa simu alishukuru kwa niaba ya familia. Wakati huo alikuwa na makoti mengine mawili katika ofisi nyingine mbili, na yote yalikuwa yakijiandaa kwa mtihani.

Jumatatu tarishi alipeleka chai kwenye meza ya Mkuu. "Hongera, bosi. Sukari kijiko kimoja kama kawaida?" Kisha akamwinamia Bi Kaimu. "Bora hili, mama. Shemeji mwenyewe angekuja angetupigia kelele."

"Angekuja lini?" aliuliza Bi Kaimu.

Tarishi akacheka, akaenda zake na sinia.

Bi Kaimu aliandika rufaa ya ukurasa mmoja. Hakuweka neno la uchungu. Aliweka alama, tarehe, idadi ya majalada. Kwa kuwa kila barua ya wizara hupita masjala, aliipokea mwenyewe, akaigonga mhuri, akaifungulia jalada na kuipa namba. Kwa kuwa kila barua inayohusu kitengo hupelekwa kwa mkuu wa kitengo, akaiweka mezani mbele ya koti.

Ilikaa siku tatu. Siku ya nne jalada lilikuwa limerudi mezani kwake, na kwenye karatasi ya maelekezo palikuwa na mwandiko mpana, wa mkono usio na vidole: *Bi Kaimu, tafadhali shughulikia.*

Aliusoma mara mbili. Utaratibu haukuruhusu kulirudisha jalada juu kabla halijafanyiwa kazi. Basi alilifanyia kazi. Alifungua mwongozo ukurasa wa sitini na saba. Akalinganisha na daftari la mahudhurio. Siku kumi na moja zilikuwa kumi na moja. Akajiandikia barua ya mistari mitatu, inayoanza na *Tunasikitika kukujulisha*, akasahihisha koma moja, akaipeleka isainiwe. Koti lilisaini bila kuchelewesha. Kwenye kitabu cha kukabidhi barua alitia sahihi mahali pa anayetoa, kisha mahali pa anayepokea. Mwisho wa jalada akaandika *Limeshughulikiwa*, akalirudisha rafuni mahali ambapo mtu yeyote angelipata kwa nusu dakika, kama mtu huyo ni yeye.

Alipogeuka aliona kifungo cha kati cha koti kinaning'inia kwa uzi mmoja. Yeye ndiye aliyekishona mara ya mwisho, na mara ya kabla yake. Alitoa sindano kwenye droo. Novemba ilikuwa bado, na Mkuu alikuwa na kikao saa nne.

Koti lilijinyoosha kidogo, asipate shida.