Kila Kitu Kimehamia

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, hapo ndipo ilipoanza, ana hakika, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ametazama saa kwenye iPhone mpya, na ile ya zamani, Android yake ya tangu chuo, ilikuwa mezani peke yake, haina laini ndani, haina mtandao, imebaki kioo na betri tu, na leo ni Jumanne na simu zote mbili zimelala bega kwa bega juu ya kaunta ya Gitau, fundi wa simu, hapa mjini Malindi, kidole gumba cha Pola kimesimama juu ya neno moja jekundu kwenye ile ya zamani, Futa, na hakishuki, na Gitau anasema bonyeza tu madam, kila kitu kimehamia... kila kitu, anavyolitamka utadhani alisimama mlangoni akahesabu vyombo vikitoka, picha zimehamia, nambari zimehamia, WhatsApp na sauti zake zote zimehamia, hata nyimbo za kwaya zilizokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ingawa hizo zimemtoa jasho, maana iPhone haina pahali pa kuchomeka kadi, haina mlango wa mgeni, Gitau anasema, Gitau wa Murang'a ambaye miaka yake yote ya pwani haijamfundisha kusema polepole, Android ni shamba la ukoo, madam, kila mtu anakatiza, anachuma ndimu, anafunga mbuzi wake, lakini iPhone ni nyumba ya kupanga, safi, iko na lango, iko na askari, ila msumari ukutani haupigi bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mteja mwenye kofia anayengojea kubadilishiwa kioo anacheka, anasema basi mie nabaki na mbuzi wangu, na Pola anatabasamu kwa kuwa inampasa, na kwa kuwa ni kweli.

Ni kweli, ameishi na zote mbili wiki hizi na hapendi kusema jambo asilolipima, iPhone inapiga picha na bwawa la hoteli anakofanyia kazi kule Watamu likabaki rangi yake, na uso wake ukabaki uso wake, mweusi wa bibi yake, haupakwi unga kama ile nyingine ilivyozoea kumpaka bila kumwuliza, ndiyo maana meneja alitaka kila anayepokea wageni awe na hii, chaji inakaa, haigandi, haijai matangazo, lakini haijui kusoma moyo wa mtu, akiandika niko njiani inamwandikia Nikon njiani, akiandika sasa inampa salsa, meneja akamjibu kwa kicheko, tena haina pa kurudia, hilo ndilo linalomchosha zaidi, kwenye ile ya zamani ukitaka kurudi unapangusa ukingo, wa kulia au wa kushoto, popote, unarudi, kwenye hii kurudi kumefichwa, mara juu kwenye pembe, mara kushoto tu, mara hakuna kabisa, na kidole chake bado kinapangusa ukingo wa kulia usiku na mchana kama mtu anayepapasa kitasa kwenye ukuta... ile ya zamani ilijua kurudi. Ilijua na maneno yao. Ukiandika hawe tu, ndivyo wanavyomwita bibi kwao Jilore, kabla hujaweka nafasi ilikuwa imeshakuletea anakusalimu, na baada ya mazishi iliendelea kuleta, hawe anakusalimu, hawe anakusalimu, na Pola aliandika jina hilo mara ngapi bila kumtumia mtu, ili tu aone salamu ikija.

Madam, anasema Gitau, wacha nimshughulikie huyu kwanza basi, ukimaliza niambie. Sawa, anasema Pola. Yeye ni Pola kwa sababu hawe alikuwa Pola, baba alimpa jina la mamake kama ilivyo ada, na ndiyo sababu mamake mzazi hajalitamka jina hilo tangu mtoto azaliwe, mke hataji jina la mavyaa wake, hata mavyaa akifa, hata jina likipewa mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, humwita mavyaa, mavyaa umekula, mavyaa funga mlango, shuleni wenzake walikuwa wanajipinda kwa kicheko wakisikia mama mzima anamwita binti yake mama mkwe, na yeye akawa anamsihi, mama niite Pola mbele ya watu, mara moja tu, na mamake anaangalia pembeni kama aliyeombwa avue nguo. Aliyemwita Pola ni hawe, na hawe alikuwa na sheria yake, usiitike wito wa kwanza. Ukisikia jina lako, nyamaza, mtu aliye hai ana pumzi ya kukuita tena, koma, mzimu wa aliyekufa, hana, ana pumzi moja tu ya kukopa, akiita mara moja basi, ukimwitikia umempa ya kwako. Wito wa pili ndio uitike, bee, kama mtoto wa kike mwenye malezi. Na siku Pola alipoileta Android kutoka chuoni, akakaa na hawe barazani, akaiamsha kwa sauti ili amwonyeshe, zile rangi nne za msaidizi wa sauti zikapanda chini ya kioo na mwanamke wa ndani akaitika palepale, hawe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka, akaisogeza simu kwa ncha ya kidole. Kitu hiki hakina malezi, alisema, kinaitika wito wa kwanza. Akaendelea kuitazama. Siku moja kitaitwa na asiye mtu.

Jumamosi chumbani hakukuwa na mtu. Amelipitia hili kama alivyofundishwa kupitia jibu la hesabu, kutoka mwisho kwenda mwanzo, redio ilikuwa imezimwa, jirani alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, mamake kisimani, na ile simu ikawaka yenyewe, rangi nne zikapanda, zikacheza, jinsi zinavyocheza zikisikia sauti, zikatulia, na chini ya kioo ikaandika ilichosikia, Pola. Neno moja. Likakaa pale likingoja. Yeye hakuitika, hata pumzi aliishika, na kioo kikazima polepole kama jicho la mtu aliyechoka kungoja, na Jumapili akaingia kwenye mipangilio akaikataza simu kusikiliza, akazima kipaza sauti kwa kila programu, moja moja, tena akahakikisha. Na ndiyo maana yuko hapa. Si kwa kuwa Gitau atampunguzia deni la hii mpya akimwachia ile, hivyo ndivyo alivyomwambia mamake, yuko hapa ili aifute... na hawezi kuifuta, kwa sababu je kama ni hawe, kama katika vyote vilivyohamia kimebaki kimoja kisichojua njia, kikongwe, kimekaa ndani humo barazani kwake na salamu zake, halafu mjukuu, mwenye jina lake, anabonyeza neno jekundu na kumzika mara ya pili, bila sanda, bila mtu wa kulia, mbele ya mtu mwenye kofia.

Kioo kinawaka. Kilikuwa kimewaka, kinawaka zaidi, zile rangi nne zinapanda kutoka chini na kulifunika nusu ya neno Futa, hapa, mchana, kidole chake kikiwa juu yake, zinacheza, zinatulia. Pola. Anamtazama Gitau, Gitau ameinama na kibisibisi mdomoni, mwenye kofia anafyonza kidole, amejikata na kipande cha kioo, na Gitau amemwambia pole, ndiyo, sasa hivi tu amemwambia pole boss, na pole na Pola, kwa simu, vina tofauti gani, herufi moja, na moyo wake unataka kukaa juu ya hiyo herufi moja na kupumzika, ila Jumamosi hakuna aliyesema pole, na kipaza sauti alikizima Jumapili, moja moja, na akahakikisha, kwa hiyo hiki hakisikii, hiki kinasema. Na kitu kinachomshangaza ni kwamba haogopi, midomo imeshakutana tayari kwa ile b, bee hawe, nipo, angesema kwa sauti ndogo tu na Gitau angedhani anaongea na mtu kwenye simu, ambavyo si uongo, angesema tu na salamu zote alizoandika bila kutuma zingefika... na hapo ndipo nyoka anapoingia akilini, yule ukuti, wa miaka ile, kijani kwenye boriti ya jikoni juu ya kichwa chake, yeye mtoto amechutama anapuliza moto, na hawe mlangoni, ambaye angeweza kupiga ukelele, ambaye mtu mwingine yeyote angepiga ukelele, alisema Pola. Akameza mate. Pola. Kisha ndiyo akasema usisogee. Nyoka juu ya kichwa cha mtoto na alimwita mara mbili, ili mtoto ajue ni mtu. Na zile sauti za WhatsApp, zote, anazijua kama anavyojua ngazi za kwao gizani, kila moja inaanza Pola, kituo, Pola, hawe hajapata kumwita mara moja maishani mwake, si kwa furaha, si kwa moto, si kwa kifo, hospitalini mdomo umekauka alisema mara mbili. Basi anayeita mara moja si hawe.

Ile b anaimeza. Anafunga mdomo. Nani basi, tangu lini, kilikuwa kinasikiliza tangu siku ile ya baraza hawe alipokisogeza kwa kidole, kikajifunza jina, kikajifunza na pole yake na salamu yake, kikajua nani akifa ataliliwa kwa neno lipi, na yeye akawa anakilisha kila usiku, hawe, hawe, hawe anakusalimu, na alichokuwa bado hakijui ni kitu kimoja tu, malezi. Kifutwe. Ni rahisi ghafla, ni neno jekundu tu, kidole kinaanza kushuka, na Gitau bila kuinua kichwa anauliza, madam, umefuta? na Pola anasema nafuta, na yuko tayari, ana hata furaha kidogo, ile ya mtu anayefagia... na pembeni, bega kwa bega, iPhone inawaka. Hakuigusa. Mwanga unazunguka ukingo wa kioo chake, laini, wa waridi na samawati, mzuri kuliko zile rangi nne, kila kitu kwenye hii ni kizuri zaidi, mwanga unazunguka, unatulia, na simu isiyojua neno moja la kwao, iliyoshindwa na niko, iliyoshindwa na sasa, inaandika kwa herufi safi, bila kosa, Pola.

Mara mbili. Kinywa cha kwanza na kinywa cha pili, kwa kituo katikati, kama cha mtu anayemeza mate. Anahesabu upya, akili yake iliyosomeshwa inataka kuhesabu upya, ni wito wa pili, au ni wito wa kwanza kwenye simu ya pili, sheria ya hawe haikusema lolote kuhusu simu mbili, sheria ilikuwa ni ya kiumbe chenye pumzi moja, na hiki kimepata mahali pa kukopa ya pili, kimepata leo, hapa, yeye ndiye aliyekiunganishia waya na kungoja mstari wa kuhamisha ufike mwisho wake, nusu saa nzima akishukuru kwamba hakuna kilichopotea. Madam, Gitau anasema, usiogope kufuta bwana, nimekwambia kila kitu kimehamia. Ndiyo, anasema Pola. Mwenye kofia anafyonza kidole. Kidole gumba cha Pola kiko juu ya neno jekundu palepale kilipokuwa, na sasa anajua kwamba akibonyeza hatakuwa amefuta kitu, na asipobonyeza hatakuwa amehifadhi kitu, na kwamba tangu leo mtu akimwita mara mbili hatakuwa na njia ya kujua kama ni mtu.

Asubuhi ya pili yake, simu zote mbili zikiwa zimezimwa ndani ya leso ya hawe chini ya kitanda, alikuwa anafunga viatu vya kazini aliposikia sauti ya mamake nje ya mlango wa chumba. Ilikuwa sauti ya mamake hasa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Iliita, Pola. Ikameza mate. Ikaita, Pola.

Alikaa na kamba ya kiatu mkononi, akaweka kiganja juu ya mdomo wake, na hakuitika.